Mtihani wa upangaji koleji Marekani: haufeliwi, ila unakula muda

Wanafunzi wa darasa la 12 nchini Marekani wanaojiandaa kuingia koleji husikia sentensi moja tena na tena: "Usiwe na wasiwasi, mtihani huu haufeliwi." Mshauri wa shule huisema, na msimamizi wa chumba cha mtihani huirudia akigawa penseli na karatasi ya kufanyia hesabu. Kwa maana ya makaratasi ni kweli. Hakuna kufaulu wala kuanguka. Kuna alama, na kuna jedwali linaloonyesha alama hiyo inakupeleka darasa gani. Tatizo ni kwamba kijana akishasikia "haufeliwi" hafungui hata daftari. Anafika asubuhi, anabonyeza majibu kwa dakika arobaini ili awahi kazini, kisha karatasi inatoka ikimtaka aanze na hesabu za sehemu na desimali, zile alizoziacha akiwa na miaka kumi na miwili. Hajafeli. Amerudishwa nyuma, basi.

Tunazungumzia mtihani unaoamua mwanafunzi aliyekwisha kukubaliwa koleji aanzie wapi katika hisabati, kusoma na kuandika. Tuuite mtihani wa upangaji. Watu wengi huuchanganya na SAT au ACT, ambayo kazi yake ya asili ni kuwasaidia waamuzi wa udahili kuchagua nani aingie. Koleji za jamii, zile za miaka miwili, hazichagui hivyo. Mwenye cheti cha sekondari anakaribishwa. Mlango wa nje uko wazi kwa wote. Kitasa kiko kwenye mlango wa ndani, na watu wanakigundua wakiwa tayari wamo ukumbini.

Jambo lenyewe si geni. Chuo Kikuu cha Wisconsin kilipoanza kufundisha Februari 1849, darasa lake la kwanza lilikuwa la matayarisho, kwa sababu vijana waliofika hawakuwa tayari kwa masomo ya chuo. Kilichobadilika ni mizani ya kumpimia aliye tayari na asiye tayari.

Ngazi inayovuja

Kwa miongo mingi mizani hiyo ilikuwa mtihani mmoja wa kompyuta, na aliyepata alama ndogo alipelekwa kwenye kozi za msingi. Kozi hizi hulipiwa kama kozi nyingine, zina walimu na majaribio, lakini krediti zake, yaani vile vizio vya kozi vinavyojumlishwa hadi kufikia shahada, hazihesabiwi kwenye shahada. Baadhi ya koleji zilikuwa na ngazi tatu za namna hiyo katika hisabati pekee: hesabu za kawaida, kisha aljebra ya mwanzo, kisha aljebra ya kati. Baada ya hapo ndipo mwanafunzi anaigusa kozi ya kwanza inayohesabika. Mihula mitatu, yaani mwaka mmoja na nusu, kabla ya kupata krediti hata moja ya hisabati.

Fanya hesabu kidogo. Tuseme katika kila ngazi wanafunzi saba kati ya kumi wanafaulu na kujiandikisha ngazi inayofuata. Saba kati ya kumi si haba. Mwalimu yeyote angeridhika. Lakini zidisha 0.7 kwa 0.7, kisha kwa 0.7 tena. Unapata 0.343. Katika wanafunzi mia walioanza chini, thelathini na wanne tu ndio wanaofika mlangoni pa kozi halisi, na hakuna mahali ambapo mtu alifanya kosa kubwa. Mmoja alibadilishiwa zamu kazini, mwingine mtoto wake aliugua, mwingine alichoka kulipia kitu kisichoonekana kwenye shahada. Watafiti wakiongozwa na Thomas Bailey wa Chuo Kikuu cha Columbia walichapisha mwaka 2010 takwimu zinazokaribiana sana na mfano huu: kati ya waliopelekwa kwenye kozi za msingi za hisabati, takriban asilimia 33 ndio waliomaliza mfululizo mzima, kwa upande wa kusoma, asilimia 46. Wengi wa waliokwama hawakuwa wamefeli darasa lolote. Hawakujiandikisha tu.

Msaada wa serikali nao una ukomo. Ruzuku ya Pell, ile ya shirikisho kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, hutolewa kwa muda usiozidi mihula 12 katika maisha ya mtu, na msaada wa shirikisho unaweza kugharamia kozi za msingi hadi krediti 30 za muhula, basi. Kila muhula unaotumika kurudia sehemu na desimali umekatwa kwenye kapu hilohilo. Kwa hiyo anayesema mtihani huu hauna madhara huenda hajawahi kuketi na familia inayopiga hesabu ya miaka minne na kugundua kwamba itakuwa mitano.

Kumbe mizani yenyewe ilikuwa na hitilafu

Mwaka 2012 Judith Scott-Clayton, mtafiti wa Kituo cha Utafiti wa Koleji za Jamii pale Columbia, alitoa matokeo yaliyotikisa ofisi nyingi. Alikadiria kwamba mwanafunzi mmoja kati ya wanne waliofanya mtihani wa hisabati, na mmoja kati ya watatu waliofanya wa Kiingereza, alikuwa amewekwa mahali pasipomfaa kabisa. Makosa mengi yalikuwa ya upande mmoja: watu walishushwa ilhali wangeweza kupata B au zaidi katika kozi ya koleji endapo wangeruhusiwa kuingia moja kwa moja. Wenzake katika kituo hicho walionyesha mwaka huohuo kwamba wastani wa alama za sekondari, ile GPA, unatabiri mafanikio vizuri kuliko mtihani wa upangaji.

Ukifikiri, si ajabu. GPA ni kumbukumbu ya miaka minne: kuamka, kukabidhi kazi kwa wakati, kuvumilia mwalimu usiyempenda. Mtihani wa saa moja unapima kile kinachokumbukwa asubuhi ile.

Baada ya hapo mambo yalibadilika haraka, lakini kila jimbo kwa njia yake, na hapo ndipo wazazi wengi wanapopotea. Florida ilikuwa imetangulia na sheria ya mwaka 2013 iliyowaruhusu wahitimu wengi wa shule zake za umma kuruka mtihani na kozi za msingi wakitaka. Kampuni ya ACT ilitangaza mwaka 2015 kwamba inaufuta mtihani wake wa Compass, uliokuwa ukitumika nchi nzima, na mwishoni mwa 2016 haukuwepo tena. Mwaka 2015 pia, koleji za jamii za Tennessee zilianza kuwaingiza wanafunzi moja kwa moja kwenye kozi ya koleji huku wakisoma saa za ziada za msaada kando yake. Mpango huo nitauita kozi sambamba, kwa sababu ndivyo ulivyo: hupandi ngazi moja kabla ya nyingine, unapanda ukiwa umeshikwa mkono. California ilipitisha sheria ya AB 705 mwaka 2017, inayozitaka koleji zake za jamii, ambazo ni 116, zitumie matokeo ya sekondari na zisimpeleke mtu kwenye kozi za msingi ila ikionekana uwezekano wake wa kufaulu kozi ya koleji ni mdogo sana. Mfumo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la California uliacha mitihani yake ya upangaji kuanzia muhula wa vuli wa 2018.

Texas ilishika njia nyingine. Huko mwanafunzi anayeingia taasisi ya umma bila msamaha bado anafanya mtihani wa jimbo, TSIA2, ulioanza Januari 2021, na kabla ya kuufanya analazimika kupitia zoezi la utangulizi linaloeleza mtihani ni nini na alama zina maana gani. Zoezi hilo watu hulipitia wakibonyeza "endelea, endelea" kama masharti ya simu mpya. Ni kosa, kwa sababu limebeba mifano ya maswali.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya maandalizi haihusu aljebra. Ni kuuliza kama mtihani unakuhusu. Mwanafunzi wa darasa la 11 au la 12 aiulize koleji anayoilenga: je, mnatumia GPA yangu? Mnakubali alama za SAT au ACT? Kipimo kinachotumiwa na waandaaji wa SAT kuonyesha utayari wa koleji ni alama 480 upande wa kusoma na kuandika, na 530 upande wa hisabati. Texas, kwa mfano, humsamehe mtihani wa jimbo anayezifikia. Wapo vijana wenye 560 ya hisabati kwenye droo nyumbani waliokwenda kufanya mtihani wa upangaji kwa sababu tu barua pepe iliwaambia "panga tarehe yako". Alama hizo hazijipeleki zenyewe. Ni mwanafunzi anayetakiwa kuzituma, pamoja na hati ya matokeo ya sekondari, mapema, kwa sababu ofisi ikiwa haina hati yako inakupa mtihani.

Kompyuta inayokupandisha na kukushusha

Tuseme umeuliza, na jibu ni kwamba mtihani unakuhusu. Uliza ni upi, maana haifai kujiandaa kwa ACCUPLACER halafu ukakutana na ALEKS.

ACCUPLACER ni wa College Board, wale wale wa SAT. Hisabati yake ina mitihani mitatu: hesabu za kawaida, hoja za kiasi pamoja na aljebra na takwimu, na aljebra ya juu na fanksheni. Kila mmoja una maswali 20 na alama zake ni kati ya 200 na 300. Mtihani wenyewe hujirekebisha kadiri unavyojibu. Ukipatia, swali linalofuata huwa gumu zaidi. Ukikosea, huwa jepesi. Matokeo yake kisaikolojia ni kinyume na tulivyozoea. Anayefanya vizuri anajihisi anazama, kwa sababu kila dakika maswali yanazidi kuwa magumu. Kijana asiyelijua hili hukata tamaa kwenye swali la tisa, kumbe swali la tisa limekuwa gumu kwa sababu yale manane ameyaweza.

Kuna jambo jingine: ukishathibitisha jibu, hurudi nyuma. Mbinu ya kuruka magumu na kuyarudia mwishoni, ambayo shule huifundisha kwa juhudi kubwa, haina kazi hapa. Maswali ya mwanzo yanastahili utulivu, maana ndiyo yanayoamua utapelekwa upande gani. Na utulivu unawezekana, kwa kuwa mtihani huu hauna kikomo cha muda. Hakuna saa inayokimbia. Haraka yote inayoonekana kwenye vyumba vile wanafunzi wameingia nayo wenyewe.

Kikokotoo? Huruhusiwi kuleta chako. Kuna maswali ambayo kikokotoo hujitokeza kwenye skrini, na mengine hakitokei. Anayefanya hesabu zote kwa simu tangu darasa la saba anapaswa kulijua hilo wiki kadhaa kabla.

TSIA2 ya Texas pia inajirekebisha. Alama ya kuonyesha utayari katika hisabati ni 950, kwenye kipimo cha kati ya 910 na 990. Usipoifikia, kompyuta inakupeleka papo hapo kwenye sehemu ndefu ya uchunguzi yenye maswali 48. Wanafunzi wengi, wakiona maswali mengine yanafunguka, huchoka na kuanza kubahatisha, bila kujua kwamba sehemu hiyo inaweza bado kuwavusha: anayepata kiwango cha 6 katika uchunguzi huo huhesabiwa kuwa yuko tayari hata kama alikosa 950.

ALEKS ni mnyama mwingine kabisa. Ni wa hisabati tu, una maswali yasiyozidi 30, na alama zake ni 0 hadi 100. Sehemu kubwa ya majibu unayaandika mwenyewe, hayapo ya kuchagua, kwa hiyo kubahatisha hakusaidii. Kuna kitufe cha "sijui", na kila ukikibonyeza mashine inakuamini na kuendelea kana kwamba mada hiyo huifahamu. Koleji nyingi huruhusu kuufanya nyumbani, na hapo ndipo kishawishi kinapokaa mezani kikiwa na umbo la kaka mkubwa anayesoma uhandisi. Kaka atakupatia 80. Agosti utakaa peke yako kwenye darasa la kalkulasi, mwalimu akifuta ubao kabla hujamaliza kunakili. Kupandishwa usipostahili kunaumiza kama kushushwa, tofauti ni kwamba huku unalipa kwa alama ya F inayobaki kwenye hati yako. Kizuri cha ALEKS ni kwamba baada ya jaribio la kwanza inakufungulia mazoezi yaliyochaguliwa kulingana na makosa yako, na kwa kawaida ukishakaa nayo saa kadhaa unaruhusiwa kurudia. Jaribio la kwanza lifanye kwa uaminifu, mapema, ulichukulie kama kipimo cha daktari.

Kutu

Sasa hisabati yenyewe. Wengi wanaoshushwa hawakukosa kufundishwa. Walifundishwa, wakaelewa, wakafaulu, kisha wakaacha. Mwanafunzi anayemaliza hisabati ya lazima akiwa darasa la 11, mwezi wa Juni, akafanya mtihani wa upangaji Agosti ya mwaka unaofuata, amekaa miezi kumi na minne bila kutatua mlinganyo hata mmoja. Hicho kitu kinashika kutu. Ndiyo maana ushauri ulio bora kuliko kitabu chochote cha mazoezi ni huu: somo la hisabati darasa la 12 lisiachwe, hata kama cheti hakilidai. Si lazima liwe kalkulasi. Texas ina kozi za maandalizi ya koleji za darasa la 12, zilizotokana na sheria ya 2013, zinazoandaliwa na shule kwa kushirikiana na koleji, na anayezifaulu husamehewa mtihani katika koleji husika. Tennessee ilikuwa na wazo linalofanana, mpango wa SAILS, wa kuzimaliza kozi za msingi za hisabati mwanafunzi akiwa bado sekondari. Ukiambiwa shule yako ina kitu cha namna hiyo, usikichukulie kama darasa la wasioweza.

Kutu hiyo ina maeneo yake. Chukua swali hili:

3 − 2(x − 4) = 5

Majibu manne: −5, −3, 3, 9. Anayekimbilia kutoa 2 kwenye 3 anabaki na 1(x − 4) = 5, anapata 9. Anayesambaza 2 lakini akasahau kwamba hasi mara hasi ni chanya anaandika 3 − 2x − 8 = 5, anapata −5. Anayezidisha x peke yake na kuiacha 4 kama ilivyo anaandika 3 − 2x − 4 = 5, anapata −3. Jibu sahihi ni 3: mabano yakifunguka vizuri yanatoa 3 − 2x + 8 = 5, kisha 11 − 2x = 5, kisha 2x = 6. Tazama jinsi yale majibu matatu mabaya yalivyo nadhifu. Hakuna lililowekwa kwa bahati. Aliyekosea atalikuta kosa lake limeandikwa pale, linamsubiri, naye ataondoka akiwa na uhakika. Dawa yake ni sekunde kumi: rudisha 3 mahali pa x. Mabano yanakuwa hasi 1, mara hasi 2 ni 2, jumlisha 3 ni 5. Kwenye mtihani usio na saa, sekunde kumi ni bure.

Sehemu nazo. Mbili juu ya tatu jumlisha tatu juu ya nne. Mkono wenye kutu unajumlisha juu na juu, chini na chini, unapata tano juu ya saba. Kabla ya kukumbuka kanuni yoyote, jiulize: namba zote mbili zimezidi nusu, basi jumla yake inawezaje kuwa chini ya moja? Jibu ni 17 juu ya 12. Mazoea haya ya kukadiria kwanza yanaokoa alama nyingi kuliko kukariri. Ongeza hapo asilimia, ishara za hasi, vipeo (hasi tatu ndani ya mabano ikipewa kipeo cha pili ni 9, bila mabano ni hasi 9), na kusoma grafu ya mstari. Hizo ndizo sehemu zinazoliwa na kutu mapema. Dakika ishirini au thelathini kila siku kwa wiki nne hadi sita zinatosha kwa mtu aliyewahi kuyajua. Asiyewahi kuyajua anahitaji mwalimu, na wiki sita zisimdanganye.

Kabla ya kutumia muda huo wote, angalia unaenda kusomea nini. Koleji nyingi siku hizi zimetenganisha njia za hisabati: anayelenga uhandisi au sayansi ya kompyuta anaelekea kalkulasi, hivyo aljebra ya juu inamhusu, anayelenga ustawi wa jamii au saikolojia mara nyingi anahitaji takwimu. Kuna vijana wanaotoka jasho wiki nzima juu ya logarithimu ambazo fani yao haitaziulizia kamwe.

Kiingereza, na anayekisoma kama lugha ya pili

Upande wa kusoma, maandalizi ya wiki sita hayafanyi muujiza. Kusoma hujengwa kwa kusoma. Lakini insha ni jambo jingine, kwa sababu watu hupoteza alama kwa kutojua kinachotafutwa. Insha ya ACCUPLACER, WritePlacer, inataka maneno kati ya 300 na 600 na husahihishwa na kompyuta kwa alama 1 hadi 8. Inaangalia kama una msimamo mmoja, kama umeupanga, umeutetea kwa mifano, sentensi zako zinatofautiana, tahajia na alama za uandishi ziko sawa, na kama umefikiri. Insha ya maneno 150, hata iwe nzuri namna gani, inaninyima mimi msomaji mifano, sembuse mashine. Andika mbili au tatu nyumbani, kwenye kibodi, bila kirekebisha tahajia. Wengi hawajawahi kuandika ukurasa mzima bila ile mistari myekundu chini ya maneno, na kimya chake kinawashtua.

Kwa familia ambazo Kiingereza si lugha ya nyumbani kuna uamuzi unaofanywa kimyakimya kaunta, mara nyingi kwa kuangalia jina au lafudhi: mtihani wa kawaida au wa Kiingereza kama lugha ya pili? ACCUPLACER ina yote mawili. Si aibu kuchagua wa pili, na una faida zake. Kwa msaada wa shirikisho, kozi za Kiingereza kama lugha ya pili hazihesabiwi kwenye ule ukomo wa krediti 30, na California inawapa wanafunzi wa njia hiyo miaka mitatu kufika kozi ya Kiingereza ya kiwango cha chuo kikuu. Lakini kijana aliyesoma Marekani tangu darasa la tano, anayeota kwa Kiingereza, hana sababu ya kupelekwa huko kwa kuwa tu amejaza "Kiswahili" kwenye kisanduku cha lugha ya nyumbani. Mzazi aulize kabla fomu haijatiwa sahihi.

Mwenye ulemavu naye aangalie tarehe. Mpango wa elimu maalumu aliokuwa nao sekondari, ule wa IEP, unaisha siku anapohitimu, haumfuati koleji. Haki ya kupata chumba tulivu au msomaji bado ipo kisheria, ila sasa ni yeye anayetakiwa kwenda ofisi ya huduma za ulemavu, na barua zake, kabla ya siku ya mtihani. Akienda baada ya matokeo kutoka ataambiwa, kwa upole kabisa, kwamba hakuna aliyeomba.

Kuhusu wakati, mimi ningefanya mtihani mara ya kwanza majira ya kuchipua ya darasa la 12, wala si Agosti. Agosti ofisi zina foleni, madarasa mazuri yamejaa, na hakuna nafasi ya kurudia. Machi au Aprili ukipata alama ndogo una miezi minne mkononi. Wanaotaka kuanza kozi za koleji wakiwa bado sekondari wanaweza kuukuta mapema zaidi, hata darasa la 10.

Na karatasi ya matokeo ikitoka, isikunjwe. Inaonyesha sehemu zilizolegea, si jumla pekee. Mwanafunzi aende nayo kwa mshauri wa koleji akiwa na hati ya matokeo ya sekondari mkono wa pili, aulize maswali matatu: je, mmeiangalia hii? Naweza kurudia lini, na kwa malipo gani? Kozi niliyopangiwa ina toleo la sambamba, ili niingie ya koleji muhula huuhuu? Swali la tatu ndilo ambalo mara nyingi jibu lake ni ndiyo, na ambalo hakuna anayelijibu usipoliuliza.